Nani Anamjua Mnunuzi: Njia za Bidhaa za Afrika Mashariki Kufika Soko la Nje

Mzalishaji anayetaka kuuza bidhaa zake nje ya nchi hukabiliwa na maamuzi matatu, nayo ni auze nini, auze nchi gani, na mzigo umfikie mnunuzi kupitia mikono ya nani. Mawili ya kwanza hujadiliwa sana katika semina za wafanyabiashara na katika hotuba za viongozi, ilhali la tatu mara nyingi huachwa lijiamulie lenyewe, kiasi kwamba yeyote anayetangulia kufika na fedha mkononi ndiye anayegeuka kuwa njia. Wataalamu wa biashara ya kimataifa huuita uamuzi huo uchaguzi wa njia ya kuingilia soko, yaani mpango wa kisheria na kibiashara unaoamua nani atamiliki bidhaa ikiwa safarini, nani atabeba hasara ikiharibika, nani atapanga bei, na nani atabaki na taarifa za mnunuzi wa mwisho baada ya mauzo kukamilika. Hilo la mwisho haliandikwi kwenye ankara yoyote, lakini ndilo zito kuliko yote, kwa sababu anayemjua mnunuzi ndiye anayejua bei itapanda lini, tunda la ukubwa gani linatakiwa, na kasoro ipi iliyofanya shehena iliyopita ikataliwe.

Njia rahisi kuliko zote ni ile isiyomtoa mzalishaji nyumbani. Katika njia hiyo, ambayo vitabu huiita mauzo ya nje yasiyo ya moja kwa moja, mkulima au kiwanda humuuzia mfanyabiashara aliye nchini au aliyefuata mzigo kutoka nchi jirani, na mfanyabiashara huyo ndiye anayeusafirisha ng'ambo kwa jina lake. Kilimo cha parachichi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kinaonyesha vizuri faida na gharama ya njia hii. Kwa miaka mingi wanunuzi kutoka Kenya walifika hadi mashambani Njombe na Iringa, wakanunua matunda ya aina ya Hass, wakayapakia kwenye malori, na sehemu ya matunda hayo ikaondokea bandari ya Mombasa ikihesabiwa kuwa zao la Kenya. Si haki kuibeza biashara hiyo, kwani mkulima alilipwa fedha taslimu palepale shambani, hakununua katoni wala kukodi kontena, na meli ikichelewa haikuwa hasara yake. Alichokosa ni habari. Hakujua kwamba Ulaya matunda hupangwa kwa idadi inayojaza katoni ya kilo nne, hivi kwamba namba 18 humaanisha matunda kumi na manane yenye uzito wa gramu 220 hivi kila moja, wala hakujua kwamba tunda huvunwa kwa kipimo cha ukavu wa nyama yake, ambacho viwango vya kimataifa vimekiweka kisipungue asilimia 21 kwa Hass. Mnunuzi aliyafahamu yote hayo, na kwa kuwa aliyafahamu peke yake, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu bei.

Mnada ni hatua ya mbele kidogo, ijapokuwa wengi huudhani kuwa ni jambo la ndani ya nchi. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo hukusanya chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za jirani, ikauzwa kwa dola za Marekani kwa wanunuzi waliosajiliwa, wakiwamo wale wanaonunulia Pakistan, Misri na Uingereza. Dalali wa mnada huionja chai, huipima thamani na kuitia katika orodha, kisha wanunuzi hushindania kila fungu. Kwa bidhaa kama chai nyeusi iliyosagwa, inayoweza kupimwa kwa sampuli na ambayo huishia kuchanganywa na chai za nchi nyingine katika pakiti yenye nembo ya mtu mwingine, mnada ni njia ya busara, kwa maana humpa mkulima mdogo wa Kericho au Murang'a soko lenye ushindani ambalo asingeweza kulijenga peke yake. Udhaifu wake huonekana pale muuzaji anapojaribu kuamua bei huku akiwa hana njia nyingine ya kumfikia mnunuzi. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo wa Kenya, kwa nia njema ya kulinda kipato chao. Lakini wanunuzi waliiruka chai waliyoiona haifikii bei hiyo, mzigo usiouzwa ukajaa kwenye maghala ya Mombasa, na hatimaye sharti hilo likalazimika kulegezwa. Amri ya bei haikuweza kufanya kazi ya ujuzi wa soko.

Maua ya Kenya yalipita njia kama hiyo, kisha yakaanza kuiacha, na historia yake inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Katika mji wa Aalsmeer nchini Uholanzi kuna mnada mkubwa ambao bei yake hushuka badala ya kupanda: mshale wa saa ya mnada huanzia bei ya juu na kuteremka kwa kasi, na anayebonyeza kitufe wa kwanza ndiye anayenunua, kwa hiyo anayesubiri bei nafuu zaidi huweza kuukosa mzigo kabisa. Waridi linalokatwa Naivasha huweza kusafiri kwa ndege kutoka Nairobi kwa saa nane hivi na kuwa mbele ya saa hiyo muda mfupi baada ya kukatwa. Kwa mkulima wa maua aliyeanza bila jina wala marafiki Ulaya, mnada ulikuwa mlango ulio wazi, kwani haukumuuliza anajulikana na nani. Hata hivyo mlango huo ulikuwa wa ushirika wa wakulima wa Uholanzi wenyewe, na katikati ya miaka ya 1990 ushirika huo ulipoamua kubana maua yatokayo nje ili kulinda bei za wanachama wake, waagizaji wa maua ya Afrika walijikuta wametengwa. Jibu lao lilikuwa la kibiashara: mwaka 1995 kampuni ya East African Flowers ilianzisha mnada wake wa kielektroniki, ambamo mnunuzi aliweza kununua akiwa ofisini kwake bila kwenda ukumbini. Miaka iliyofuata mashamba makubwa yalikwenda mbali zaidi, yakafunga mikataba ya moja kwa moja na maduka makubwa ya Uingereza, Ujerumani na Uswisi, yakaanza kufunga mashada hukohuko Kenya yakiwa na bei na nembo ya duka, jambo ambalo lisingewezekana kwa anayeuza mbele ya saa ya mnada, kwa sababu mnada haumwambii muuzaji ni duka gani lililochukua maua yake wala yalidumu siku ngapi mezani kwa mlaji.

Mikataba hiyo ina ugumu wake. Duka kubwa hutaka idadi ileile kila wiki, huongeza maagizo mara dufu kabla ya Siku ya Wapendanao, hudai vyeti vya usalama wa chakula, mazingira na haki za wafanyakazi, na hulipa baada ya wiki kadhaa. Shamba lisilo na mtaji wa kungoja malipo hayo hurudi mnadani, ambako malipo huja upesi. Ndiyo maana mashamba mengi hayakuchagua kimoja na kuacha kingine. Sehemu ya mavuno huenda kwa mkataba, na sehemu hubaki kwa ajili ya mnada, ambao pia hutoa bei ya kulinganishia wakati wa mazungumzo na maduka.

Njia nyingine, ambayo huwaingiza wengi katika biashara ya nje na kuwatoa wengine, ni ile ambayo wafanyabiashara wa pwani na bara huijua kwa jina la mali kauli. Muuzaji hupeleka mzigo kwa mwagizaji wa nchi ya mbali bila bei kukatwa. Mwagizaji huupokea, huuchambua, huuuza kwa bei atakayoipata, hutoa kamisheni yake na gharama zote, kisha humtumia muuzaji kinachobaki pamoja na taarifa ya mauzo. Matunda na mboga mbichi nyingi huuzwa hivyo katika masoko ya jumla ya Ulaya na ya nchi za Ghuba, kwa sababu si wanunuzi wengi wanaokubali kukata bei ya tunda litakalokaa baharini kwa wiki nne bila kuliona likishuka. Kwa hiyo tatizo haliko katika ulaghai, ingawa walaghai wapo. Tatizo liko katika hesabu yenyewe, ambayo ni vema ikapigwa mbele ya msomaji.

Kontena la baridi la futi 40 hubeba katoni elfu tano na ushee za parachichi za kilo nne. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, kila katoni inauzwa kwa yuro 8, nauli ya meli ni yuro 1.60 kwa katoni, gharama za bandari, ghala la baridi na kupanga upya ni yuro 1.10, na kamisheni ya mwagizaji ni asilimia 8 ya mauzo. Matunda yote yakifika salama, mwagizaji hupata senti 64 kwa katoni, na muuzaji hubakiwa na yuro 4.66, ambazo bado hazijatolewa gharama za kuvuna, kufungasha na kusafirisha hadi bandarini. Sasa tuseme katoni moja katika kila kumi imelainika njiani na kutupwa. Wastani wa mauzo hushuka hadi yuro 7.20 kwa kila katoni iliyosafirishwa, lakini nauli na gharama za ghala hazipungui hata senti, kwani meli ilibeba vilivyooza na vizima kwa bei moja. Kamisheni ya mwagizaji hupungua kwa senti sita tu, ilhali fungu la muuzaji huanguka kutoka yuro 4.66 hadi yuro 3.92, sawa na asilimia 16 hivi. Hasara ya asilimia kumi ya mzigo imekuwa hasara ya asilimia kumi na sita kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliye mbali zaidi na mahali ilipotokea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kwenda Ulaya iliongezeka kwa takribani wiki mbili, na hesabu hiyo ikawa kali zaidi kwa tunda ambalo saa yake ya kuiva huanza pale linapokatwa mtini.

Anayelazimika kuuza kwa mali kauli ana silaha chache, lakini anazo. Anaweza kudai bei ya chini iliyohakikishwa, yaani kiasi ambacho mwagizaji atalipa hata soko likianguka. Anaweza kuandika katika mkataba kwamba madai yoyote ya kuharibika yathibitishwe na mkaguzi wa kujitegemea ndani ya siku chache baada ya kontena kufunguliwa, pamoja na picha na rekodi ya kifaa cha kupimia joto kilichosafiri ndani ya mzigo. Anaweza pia kudai taarifa ya mauzo ionyeshe bei ya kila ukubwa kwa kila siku badala ya jumla moja, na hilo lina thamani kuliko linavyoonekana, maana muuzaji anayesoma taarifa kama hizo kwa misimu miwili huanza kulijua soko bila ya kukata tiketi ya ndege.

Hapa ndipo masharti ya makabidhiano yanapoingia, ambayo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris, kiliyachapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kwa jina la Incoterms, na toleo lake la mwaka 2020 lina masharti kumi na moja. Muuzaji wa FOB hukabidhi mzigo ukiwa umepakiwa melini, na nauli pamoja na hatari ya bahari ni juu ya mnunuzi. Wa CIF hulipa pia nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Wengi hudhani kwamba katika CIF hatari pia hubaki kwa muuzaji hadi bandari hiyo, na sivyo ilivyo: hatari huhamia kwa mnunuzi mara mzigo unapopakiwa melini, kama ilivyo katika FOB. Tofauti ya masharti haya na mali kauli ni kubwa, kwa kuwa katika mali kauli umiliki hauhami, na herufi tatu zilizoandikwa kwenye ankara hazimlindi mtu ambaye bado ndiye mwenye mzigo.

Muuzaji anayetaka kuwa na mtu wake katika nchi ya mbali huwa na uchaguzi kati ya wakala na msambazaji, majina mawili yanayotumiwa ovyo mitaani lakini yenye matokeo tofauti kabisa kisheria. Wakala hutafuta wateja kwa niaba ya muuzaji na kulipwa kamisheni, bila ya kuimiliki bidhaa. Wateja ni wa muuzaji, majina yao yamo katika ankara zake, na deni lisipolipwa ni deni lake. Msambazaji hununua bidhaa kwa fedha yake, huiuza kwa bei anayoipanga mwenyewe, na wateja ni wake. Anayeogopa madeni humpendelea msambazaji, na anayetaka kujua bidhaa yake inaishia wapi humpendelea wakala. Lakini wakala si mtu wa kuajiri leo na kumwacha kesho. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya wa mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara unampa wakala anayeachishwa haki ya kupewa taarifa mapema na kulipwa kifuta jasho au fidia, na katika nchi zilizochagua kifuta jasho kikomo chake ni wastani wa kamisheni ya mwaka mmoja, ukipigwa kwa miaka mitano iliyotangulia. Muungano wa Falme za Kiarabu ulikuwa mkali zaidi: kwa sheria ya mwaka 1981, wakala aliyesajiliwa, ambaye alipaswa kuwa raia, aliweza kuzuia bidhaa za kampuni aliyoiwakilisha zisiingizwe na mtu mwingine, na hata mkataba kwisha muda hakukutosha kumwondoa. Sheria mpya ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, imelegeza jambo hilo, lakini mauzo ya nyama, viungo na matunda kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda Ghuba ni ya kale, na yapo mahusiano ya kibiashara yaliyoanza kwa kupeana mkono kati ya ndugu wa Zanzibar na Muscat bila mtu kusoma sheria ya upande wowote.

Undugu huo si jambo la pembeni, na wanazuoni wamelifikia kwa kuchelewa. Mwaka 1977 Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, waliokuwa wakichunguza kampuni za Uswidi katika Chuo Kikuu cha Uppsala, walieleza kwamba kampuni huenda nje hatua kwa hatua: huanza na nchi zinazofanana na yao kwa lugha na desturi, huuza kupitia wakala, kisha hufungua ofisi ya mauzo, na mwisho hujenga kiwanda, kwa kuwa kila hatua huwapa maarifa yanayopunguza woga wa hatua inayofuata. Nadharia hiyo ilifundishwa kwa miongo mitatu, hadi wao wenyewe walipoirekebisha mwaka 2009 na kusema kwamba kizuizi kikuu ni kuwa nje ya mtandao wa watu wanaoaminiana katika soko husika, zaidi ya ugeni wa nchi yenyewe. Mfanyabiashara wa Mombasa mwenye shemeji Dubai asingehitaji kusubiri marekebisho hayo. Hata hivyo mtandao wa jamaa una mipaka yake, kwani humfikisha mtu kwa wanunuzi ambao jamaa anawajua na si zaidi, na hufanya iwe vigumu kudai taarifa ya mauzo kutoka kwa mtu ambaye mtakutana naye harusini.

Zipo hali ambazo mjadala huu wote hauna nafasi, kwa sababu serikali ya nchi inayonunua imekwisha kuchagua njia. China hairuhusu tunda bichi kuingia mpaka serikali mbili zitie saini itifaki ya usafi wa mimea, kisha mashamba na nyumba za kufungashia zisajiliwe moja moja. Kenya ilipokubaliwa mwaka 2019 kuuza parachichi nchini humo, ruhusa ilikuwa ya tunda lililomenywa, likatolewa kokwa na kugandishwa hadi nyuzi joto 30 chini ya sifuri, na ni wachache mno waliokuwa na mitambo ya kufanya hivyo. Tunda bichi lilipata ruhusa mwaka 2022, na Tanzania ikatia saini itifaki yake Novemba mwaka huohuo. Sharti la usajili lina maana kwamba mfanyabiashara anayeokota matunda huku na huko hawezi kuingia soko hilo kihalali, kwa kuwa kila katoni lazima irudishwe hadi kwenye shamba lililotajwa. Ulaya nayo, kupitia vyeti kama GlobalGAP, kilichoanzishwa mwaka 1997 na maduka makubwa kwa jina la EUREPGAP, imekuwa ikielekea hukohuko kwa kutumia nguvu ya mnunuzi badala ya sheria.

Ushuru nao huweza kuigeuza hesabu usiku mmoja. Oktoba 2014, kwa sababu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazikuwa zimekamilisha mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, maua na mboga za Kenya zilianza kutozwa ushuru, hadi msamaha uliporejeshwa siku za mwisho za Desemba. Tanzania, Uganda na Rwanda hazikuguswa, kwani zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, ambazo tangu mwaka 2001 huingiza Ulaya bidhaa zote isipokuwa silaha bila ushuru. Kenya imejihakikishia nafasi yake kwa mkataba ulioanza kutumika Julai 2024.

Mwisho wa ngazi ni kumiliki. Kampuni inaweza kuanzisha kampuni tanzu katika nchi ya soko, kununua iliyopo, au kuingia ubia na mwenyeji, na katika Afrika Mashariki uamuzi huo huongozwa zaidi na uzito wa bidhaa kuliko fahari ya mwenye mali. Unga wa ngano ni mzito, wa bei ndogo, na hauvumilii nauli ya lori la kilomita elfu moja. Kwa sababu hiyo inaeleweka kwa nini Kundi la Bakhresa la Tanzania, badala ya kuubeba unga wote kutoka Dar es Salaam, lilikwenda kusaga katika nchi kama Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji, likawa jirani wa mwoka mikate anayelalamika siku unga usipoumuka. Upande wa pili kuna maduka ya Uchumi ya Kenya, ambayo Oktoba 2015 yalifunga matawi yake yote Uganda na Tanzania baada ya miaka ya hasara, yakiacha nyuma wauzaji waliokuwa wakidai. Duka la rejareja huhitaji kujua ladha, mishahara na siku ya malipo ya kila mtaa, na kuingia kwa mtaji mkubwa kabla ya kuyajua hayo ni kununua somo kwa bei ya juu.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kiwanda wala duka, nayo ni kuruhusu wengine watumie jina. Ethiopia iliomba nchini Marekani ulinzi wa majina ya kahawa zake za Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ikapingwa na chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko, na baada ya mvutano uliopata umaarufu ikafikia makubaliano na Starbucks mwezi Juni 2007. La kuzingatiwa ni kwamba Ethiopia haikudai malipo kwa kila mfuko. Ilitoa leseni za bure kwa wanaokubali kwamba majina hayo ni yake, kwa matumaini kwamba mnywaji anayelijua jina ataliuliza dukani na kulipa zaidi. Hiyo ni namna ya kumfikia mlaji bila ya kuwa na mkono wowote katika usafirishaji, na mazao ya pwani yenye sifa yake, karafuu ya Zanzibar ikiwa mojawapo, yanaweza kujifunza mengi kutokana nayo.

Kwa mzalishaji mdogo soko la nje la kwanza, kwa kawaida, liko ng'ambo ya mpaka wa karibu. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umekuwapo tangu mwaka 2005, na mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 unaweza kupitishwa kwa utaratibu rahisi, ambapo cheti cha uasilia, yaani hati inayothibitisha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, hutolewa mpakani, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Mama anayevusha vitenge au mchele pale Namanga huwa anauza mwenyewe, huona uso wa mnunuzi wake, na hurudi na habari za bei jioni ileile. Kwa kipimo cha makala haya yuko karibu na soko kuliko shamba kubwa linalouza kwa mali kauli. Vikwazo vyake si vya ushuru. Mwezi Januari 2020 maziwa ya Uganda yenye nembo ya Lato yalikamatwa nchini Kenya, ndani ya umoja uleule wa forodha, na kampuni yenye maziwa hayo ikajikuta ikisubiri mazungumzo ya mawaziri. Mwenye kreti kumi hana waziri wa kumpigia simu, kwa hiyo wengi huwapa mzigo vijana wa bodaboda wauvushe kwa njia za panya, ambako hakuna cheti wala risiti, na mzigo ukikamatwa huko hapana mkataba unaoweza kuurudisha.